Bahari Hudai Kodi Mwezi wa Aprili

Picha zote mlizotumiwa kwenye simu zenu zilipigwa Januari na Februari. Maji ya samawati, mchanga mweupe, mume wangu kavua shati na kunyoosha kidole kuonyesha kisiwa kana kwamba amekigundua yeye. Ya Aprili hamjaiona hata moja. Mwezi huo mashuani hakuna mwenye mkono mkavu wa kushika simu.

Nimeamua kuisema Aprili hadharani. Jamaa zangu wa Mombasa wanaamini kwamba mtu anayekimbia baridi visiwani kwa mashua ya matanga humaliza msimu wake kwa kushuka, kupunga mkono na kupanda ndege. Shangazi yangu akinipigia simu huanza na "Haya, tajiri!" Tajiri mwenyewe wakati huo yumo ndani ya ngama, kichwa chini miguu juu, anatafuta kizibo cha pampu kilichodondoka tangu Desemba, na maji yenye harufu ya dizeli yamemfika viwikoni.

Tunaishi Ontario, Kanada. Baba Watoto aliendesha basi la abiria mpaka akastaafu, na siku ile ile aliyokabidhi funguo za basi la watu alianza kutafuta chombo chake mwenyewe. Hoja yake ya kwanza ilikuwa theluji, na hapo nilimuunga mkono. Hoja ya pili ilikuwa damu: eti ukoo wao ni wa manahodha. Sasa mimi nimekulia mtaa mmoja nao, na babu yake namkumbuka vizuri. Mzee wa watu alikuwa akiuza halua. Bahari aliijua kwa kuvuka na feri ya Likoni, tena akiwa ameshika chuma kwa mikono miwili. Lakini mwanamume akishaamua kuwa nahodha, ushahidi hausaidii kitu. Tukanunua mashua kuukuu ya futi 34, ya faibaglasi, na baridi inapoingia huanza nayo safari kutoka Florida, tukavuka hadi Bahamas, tukateremka na visiwa vya Exuma mpaka George Town.

Kwenda sina ugomvi nako. Bahamas ina visiwa kama 700, bila kuhesabu vijisiwa na majabali, na Exuma peke yake ni mlolongo wa visiwa zaidi ya 300 vilivyojipanga kutoka kaskazini-magharibi kushuka kusini-mashariki. Mimi nimezoea bahari ya Mombasa, ambayo wakati wa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, ikakuonyesha miamba na viatu vilivyopotea mwaka juzi. Kule maji hupanda kama mita moja tu, kwa adabu, halafu yakarudi. Unaona nanga yako imelala mchangani, unaona na samaki anayeipita. Mtu akininung'unikia habari za Januari nitamwambia hana shukrani.

Ugomvi wangu ni wa kurudi. Bahari hutoa kwa mkopo. Yale machweo ya jua ya Februari yameandikwa mahali, na Aprili daftari hufunguliwa.

Tarehe ya kurudi hatuipangi sisi. Msimu wa vimbunga katika Atlantiki huanza rasmi tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba. Hapo kampuni ya bima, ambayo majira yote haina habari nasi isipokuwa siku ya kupokea pesa, hukumbuka ghafla kwamba tuko hai. Mkataba unataka mashua iwe imevuka mstari fulani wa ramani kwenda kaskazini, au iwe imepandishwa nchi kavu, kabla ya siku fulani. Ukichelewa na kimbunga kikapita, hasara ni yako na Mungu wako. Hapo siwezi kuwalaumu. Septemba 2019 kimbunga Dorian kilipiga visiwa vya Abaco, huko huko Bahamas, kwa upepo wa karibu kilomita 300 kwa saa, kikabomoa mitaa mizima, kikatupa mashua juu ya nchi kavu na kuua watu wengi. Mama mmoja anayetuuzia mikate George Town aliniambia siku moja, bila uchungu wowote, huku anahesabu chenji: "Nyinyi mnafunga mashua, mnaondoka. Sisi tunafunga madirisha, tunabaki." Tangu siku hiyo mbele yake sinung'uniki. Nanung'unika hapa.

Kufunga msimu huanza na tumbo. Novemba, kabla hatujaiacha Florida, Baba Watoto hupakia chakula cha kuzingirwa vitani. Ana sababu zake, sikatai. Visiwani karibu kila kitu huja na meli ya barua kutoka Nassau, mara moja kwa wiki bahari ikiridhia, na nyanya iliyosafiri hivyo hudai heshima yake dukani. Siku meli inapoingia mna mayai, letasi na foleni. Siku ya tatu wamebaki vitunguu vilivyochipua na mishumaa ya keki. Basi yeye hupakia: maharage, dengu, mchele, unga, nyanya za kopo, mahindi ya kopo, chini ya vitanda, nyuma ya makochi, hadi ndani ya mabuti yangu ya mvua.

Vyote hivyo haviwezi kuachwa. Mashua iliyofungwa Florida wakati wa joto huwa tanuri. Makopo hushika kutu kwa ajili ya chumvi, unga huota wadudu, na mchele hupata wapangaji. Kwa hiyo mwishoni mwa Machi hutoka amri: hakinunuliwi kitu, tutakula kilichomo. Amri hiyo huitoa yeye, anayepika ni mimi. Mahindi, dengu, siki, na kopo moja ambalo karatasi yake ilibanduka na maji na hakuna ajuaye ndani mna nini. Haya, mama, pika.

Utaniuliza: na samaki je, si mko baharini? Msimu wa kambakoche katika Bahamas hufungwa tarehe 31 Machi mpaka Agosti, kwa sheria ya nchi. Yaani siku ile tunayoanza kula maharage ndiyo siku kambakoche anapopewa likizo. Baba Watoto hukokota mshipi nyuma ya shetri kutwa, na bahari humpa mwani. Akibahatika sana humpata mzia, samaki ambaye kwetu angekwenda kwenye chungu na kusifiwa. Huku kila jirani anakukataza kumla, maana mzia mkubwa aliyekulia miambani huweza kubeba sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Tunamrudisha majini, tunarudi kwenye dengu.

Kinachoniponya ni mbuzi yangu ya kukunia nazi. Kila chombo cha umeme mle mashuani kimeshatusaliti kwa zamu: friji, pampu, mtambo wa kuchuja maji ya chumvi, hata taa ya chooni. Mbuzi haijanisaliti. Haitaki betri, haitaki mafuta, haina kitabu cha maelekezo. Minazi Exuma ipo, na wenyewe hawanyimi nazi iliyoanguka ukiomba kwa adabu. Nikiketi kwenye sitaha nikaanza kukuna, wastaafu wa Kimarekani na Kikanada walionizunguka kwenye nanga huja na vihori vyao vya mpira kuuliza ni mashine gani ile. Nawaonjesha maharage ya nazi. Wanarudi makwao wakinyamaza, kwa sababu na wao wana maharage, ila hawana mbuzi.

Tumbo likishapangwa, linafuata la kuagana. Bandari ya George Town, kati ya mji na kisiwa cha Stocking, kufikia Februari huwa imejaa mamia ya mashua. Wengi huwa wametoka kwao wakijinadi kwamba safari hii ni Karibi moja kwa moja. Wakifika hapo hutoa kichwa nje, upepo wa mashariki ukawapiga makofi, wakaona mchanga wa George Town hauna kasoro. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na ubawa wa mashua ni ghali.

Kila asubuhi saa mbili watu wote hufungua redio ya mawasiliano. Hapo utasikia hali ya hewa, ibada, mazoezi ya viungo ufukweni, nani kapoteza kasia na nani kaliokota. Majira yote ni kijiji. Aprili kijiji kinakuwa gulio: huyu anagawa vitabu, yule ana chujio la dizeli anataka chupa ya gesi, mwingine anatafuta mtu wa kuvuka naye kwa sababu mkewe amepanda ndege. Huyo mke simfahamu, lakini namheshimu.

Halafu karamu. Kila jioni pana mtu anayeondoka kesho, na kila mgeni aje ufukweni na sahani yake. Sahani zote ni maharage. Tunakumbatiana, tunapeana anwani, tunaahidiana kutembeleana Halifax na Maine, wengine wanafuta machozi. Alfajiri utabiri unabadilika, upepo wa kaskazini unateremka, na hakuna anayethubutu kung'oa nanga. Jioni unakutana ufukweni na mtu yuleyule uliyemlilia jana, na hamna hata neno moja la kuambiana. Kwetu mgeni akiaga akarudi huulizwa amesahau nini. Hawa wanaagana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa machozi yaleyale.

Lipo jambo moja ambalo huninyamazisha, nalo ni mashindano ya mashua ya mwishoni mwa Aprili. Yalianza mwaka 1954, wakati mashua za kazi za Bahamas, zile za wavuvi na wachukuzi, zilipoanza kusukumwa kando na injini, kwa nia ya kuupa ufundi wake sababu ya kuishi. Mpaka leo sharti ni hilohilo: chombo kiwe cha mti, kimeundwa Bahamas, mwenyewe awe wa Bahamas na mabaharia wake vilevile. Vyombo hupangwa kwenye mstari vikiwa vimetia nanga na matanga yametuliwa. Ikilia ishara, watu wanavuta nanga na kutweka tanga kwa pamoja, na ukelele wake unasikika ng'ambo. Tanga ni kubwa kupita kiasi, kwa hiyo hutokezwa ubao mrefu nje ya ubavu wa joshi, wanaume wazito wakaupanda wakakaa juu ya maji ili chombo kisipinduke. Wakibisha, wote hukimbilia upande wa pili kabla hawajamwagika.

Nenda Lamu siku ya mashindano, utauona ubao huo, watu hao na kelele hizo. Hakuna aliyevuka Atlantiki kumfundisha mwenziwe. Upepo umewasomesha wote darasa moja. Siku hiyo mimi huvaa leso yangu safi, nikapiga vigelegele, na watu wa Exuma huitikia bila kuuliza natoka wapi. Baba Watoto naye hulia kidogo, kisha hukausha macho na kuanza kukosoa. "Pale angebisha mapema." Anayesema hivyo ni mtu ambaye nanga yake hushika siku anapoacha kuitazama.

Mashindano yakiisha hakuna kisingizio tena. Tunapanda kaskazini.

Njiani hupitia karibu na Staniel Cay, kwenye kile kisiwa ambacho nguruwe wake wamejifunza kuogelea hadi kwenye mashua kuomba chakula. Watu hulipa nauli ya ndege kutoka mabara mengine kuja kupiga nao picha. Mimi hubaki ndani na mlango nimeufunga. Baba Watoto, kwa kuwa makopo hayajaisha, alipendekeza tuwape dengu zilizobaki. Nilimuuliza kama hivyo ndivyo anavyokiona chakula changu. Tukazila wenyewe, kimya, wakati mmoja wao akituzunguka.

Kisha linakuja Fungu Kuu la Bahama (Great Bahama Bank), na hapa naomba Waswahili wenzangu mnisikilize, maana mkihadithiwa mtadhani mtu ametia chumvi. Ni bahari pana ambayo sehemu kubwa yake haifiki hata kina cha mita kumi. Unakwenda kutwa nzima, nchi huioni mbele wala nyuma, na chini yako pana mita tatu au nne za maji. Jua likitua, Baba Watoto hutia nanga pale pale, katikati ya bahari, tukalala. Hakuna kisiwa, hakuna mwamba wa kutukinga, hakuna jirani. Usiku kucha mawimbi madogo hututikisa, vikombe vinagongana kabatini, na mimi naamka kila saa kuhakikisha kwamba tumepotea pale pale tulipopotea magharibi.

Mchana njia husomwa kwa rangi ya maji. Buluu nzito ni kina, kijani unapita, kahawia ni mwamba au majani, na weupe ni mchanga ulioko karibu kuliko upendavyo. Kazi ya kusimama omo kusoma rangi ni yangu, kwa sababu macho ya nahodha yana mtoto wa jicho. Nikisema "Kushoto!" huuliza "Kwa nini?" Swali hilo tumewahi kulijibu kwa mkuku.

Bimini ndiko kwenye subira. Kutoka hapo hadi Miami ni kama kilomita 80, na siku ikiwa safi usiku unaona wekundu wa taa za mji angani. Lakini katikati unapita Mkondo wa Ghuba, mto wa maji ya moto uliomo ndani ya bahari, unaokwenda kaskazini kwa mwendo wa zaidi ya kilomita tano kwa saa. Mashua yetu yenyewe haifiki kumi. Kwa hiyo unaelekeza omo kusini ili ufike magharibi, na ukipotea hesabu utashukia mji usioujua. Upepo ukiwa wa kaskazini, usijaribu. Maji yanakwenda huku, upepo unakuja kule, na mawimbi husimama wima yakawa hayana mgongo wa kupandia. Kwa hiyo kila mtu hungoja siku ya upepo wa kusini au ya shwari.

Kungoja kwenyewe ndiko kunakochosha. Baba Watoto ana programu nne za utabiri kwenye simu, na huzifungua moja baada ya nyingine mpaka apate inayokubaliana naye. Asubuhi tunaondoka. Adhuhuri hatuondoki. Alasiri tunaondoka ila usiku. Mimi nimeshafunga kila kitu kinachoweza kuruka, nimeshachemsha tangawizi, nimeshavaa, halafu naambiwa nifungue kabati tupike. Dengu.

Usiku wa kuvuka siusimulii wote. Tangawizi husaidia hadi mahali fulani, baada ya hapo ni dua. Meli za watalii hupita zikiwa na taa kama mtaa wa harusi, muziki unasikika juu ya maji, na ndani yake, kwa bei ambayo wala si kubwa mno, kuna watu wanaovaa viatu vikavu na kuletewa chai. Nilimwonyesha Baba Watoto. Akasema wale hawaijui bahari. Nikasema alhamdulillahi kwao.

Alfajiri ghorofa za Miami huchomoza. Tunaripoti kuingia kwa simu, afisa anauliza tuna matunda gani, nami najibu kwa ukweli kwamba ndimu zote nimezimaliza usiku, kwa haja. Mtu akisoma kitabu cha safari, hapa ndipo kinapoishia. Wamevuka salama, wanashikana mikono, tamati. Mwandishi wa kitabu hicho mashua haikuwa yake.

Maana sasa ndiyo tunaingia yadi. Mashine kubwa yenye magurudumu na mikanda miwili huja ikaikumbatia mashua, ikainyanyua kutoka majini, na hapo ndipo unapoiona sehemu yake ambayo majira yote ilijificha. Chini pameota nyasi za kijani, na juu ya nyasi pamejengwa mji wa viumbe wa magamba, wakubwa kwa wadogo, wamejiganda kwenye mkuku, kwenye usukani, mpaka ndani ya rafadha. Machi yote Baba Watoto alilalamika kwamba mwaka huu upepo ni hafifu.

Wazee wetu pwani jambo hili walilimaliza kwa maji kupwa. Chombo kilalie mchangani, watu wakikwangue, wakitie deheni ya chokaa na mafuta ya mnyama, maji yakirudi kinaelea. Hakukuwa na ofisi wala ankara. Hapa unalipa kunyanyuliwa, unalipa kuoshwa, unalipa futi za ardhi unazosimamia, na rangi ya kuwazuia wale viumbe, yenye shaba ndani yake, inauzwa kwa bei ambayo imenifanya nimkumbuke yule mnyama wa deheni kwa mapenzi mapya.

Kisha kazi. Chumvi imo kila mahali, na chumvi hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo kisichooshwa kwa maji baridi hakikauki tena mpaka Novemba. Tunaosha kamba, zote, na mashua ina kamba nyingi kuliko soko la Kongowea. Tunaosha godoro. Tunaosha mapazia. Kuta za ndani napangusa kwa siki, la sivyo tutakuta ukungu umechukua hati ya nyumba. Injini inapitishiwa maji baridi, inabadilishwa mafuta, na tangi la dizeli linajazwa pomoni ili unyevu usipate pa kukaa. Betri, mabomba, matundu yanazibwa kwa wavu kwa ajili ya nyigu. Paneli za sola zinafungwa, na kila kinachoweza kupeperuka kinashushwa, maana kimbunga kikifika Florida hakitaanza kwa kubisha hodi.

Matanga ni lazima yakunjwe asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka, na lazima wakunje wawili. Nawaambia vijana wanaotaka kuoana, acheni kuulizana kabila na elimu. Mpewe tanga kubwa, mlikunje pamoja kwenye uwanja wa saruji. Yeye anavuta huku, mimi navuta huku, katikati panatokea mkunjo ambao hakuna aliyeuweka, na kila mmoja anamtazama mwenzake kwa macho ya mahakamani. Tukimaliza, lile tanga haliingii kwenye mfuko wake. Lilitoka humo, nililiona kwa macho yangu likitoka humo, na sasa haliingii.

Na usidhani tunalala hotelini. Tunalala mashuani, juu ya vigingi vya chuma, mita tatu kutoka ardhini. Hakuna upepo, hakuna mawimbi, wapo mbu. Choo cha mashuani hakitumiki nchi kavu, kwa hiyo usiku mwanamke wa umri wangu hushuka ngazi kinyumenyume, tochi mdomoni, akavuka yadi nzima kati ya mashua za watu, akafika, akakuta mlango unataka namba ya siri, na namba imebaki juu mashuani. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Siku ya mwisho ofisi inatoa hesabu. Baba Watoto huisoma ukurasa wa kwanza akanyamaza, kisha hugundua kuna wa pili. Jumla yake ingetuweka wote wawili katika nyumba ya wageni nzuri ya Malindi, baridi nzima, kwa mapishi ya wenyewe, choo kikiwa hatua chache kutoka kitandani. Nilimweleza hivyo. Alikuwa anaandika orodha ya vitu vya kununua Novemba.

Hukumu yangu basi ni hii, na wala siitoi kwa hasira. Mashua ya kifahari haipo. Ipo mashua ya mtu mwingine, hiyo ndiyo ya kifahari. Mwenye chombo hapumziki. Hubadilisha mahali pa kufanyia kazi, na mahali hapo pana mandhari nzuri, nakiri. Wenye busara ni wale wageni waliokuja Februari na mfuko mmoja, wakala kambakoche wetu, wakachomwa na jua wiki moja, wakasema "mna bahati nyinyi," wakaondoka.

Kwa hiyo, msomaji, ukimpata rafiki mwenye mashua mpende sana, mwombee afya, mpelekee nyanya mbichi. Akikualika Januari nenda. Akikualika Februari nenda, na nguo za kuogelea usisahau. Lakini akikupigia simu kwa sauti tamu kwamba uje Aprili "tushirikiane kuirudisha", mwambie una harusi. Hatakuuliza ya nani. Pwani haikosi harusi.